Kusomea Shahada na Ualimu kwa Pamoja: Mwongozo kwa Anayekusudia Kufundisha Sekondari

Nchini Tanzania, wengi wa wanaofikia ualimu wa sekondari kwa ngazi ya shahada hawamalizi shahada kwanza ndipo watafute sifa za ualimu, bali huvisoma vyote viwili katika miaka mitatu ileile ya chuo kikuu, na mhitimu hutoka na cheti kimoja kinachothibitisha mambo mawili: kwamba analijua somo lake, na kwamba ameandaliwa kulifundisha. Mpango huo huitwa mafunzo sambamba, kwa kuutofautisha na mafunzo fuatizi, yaani yale ambayo mtu huyapata baada ya kuhitimu shahada isiyo ya ualimu, hasa kupitia stashahada ya uzamili katika elimu inayochukua mwaka mmoja. Mwongozo huu unahusu mafunzo sambamba, na unamlenga kijana aliyemaliza kidato cha sita, mwalimu mwenye stashahada anayetaka kujiendeleza, pamoja na mzazi au mlezi anayeombwa ushauri wakati maombi yanapojazwa. Msisitizo wake ni kwamba katika mpango huu maamuzi mazito hufanywa mapema, mengine kabla mwanafunzi hajakanyaga chuoni, na ni vigumu mno kuyatengua baadaye.

Jina la shahada na kinachofichwa ndani yake

Uamuzi wa kwanza unahusu jina la shahada, ambalo waombaji wengi hulipitia haraka kwa kudhani kwamba kila programu yenye neno elimu humfikisha mtu mahali pamoja. Shahada ya Sanaa na Elimu, na ile ya Sayansi na Elimu, humtaka mwanafunzi asome masomo mawili ya kufundishia, yaani masomo ambayo atayabeba darasani kama taaluma yake, na sambamba nayo asome kozi za elimu zinazotolewa na shule au kitivo cha elimu. Shahada ya Elimu, kwa upande wake, huweka uzito mkubwa katika taaluma ya elimu yenyewe, na kwa kawaida huambatanisha somo moja tu la kufundishia, au hujikita katika eneo maalumu kama saikolojia, elimu ya awali au elimu ya watu wazima. Shahada hii imewafaa sana wakufunzi wa vyuo vya ualimu, maofisa elimu na washauri wa wanafunzi, na haina upungufu wowote kitaaluma. Hata hivyo, anayeichagua huku moyo wake uko katika darasa la sekondari hana budi kujua kwamba matangazo ya ajira serikalini hutaja somo kwa jina, kwa mfano Mwalimu Daraja la III C, Somo la Fizikia, daraja hilo likiwa ndilo la kuanzia kwa mwalimu mwenye shahada, na kwamba mwombaji ambaye cheti chake hakionyeshi somo linalotajwa hujikuta nje ya mchujo hata kama alifaulu vizuri sana.

Programu hizi hutolewa na vyuo vingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikizitoa kwa miongo mingi, na mwaka 2005 kilipata vyuo viwili vishiriki vya elimu, kimoja Chang'ombe jijini Dar es Salaam, yaani DUCE, na kingine Mkwawa mjini Iringa, yaani MUCE. Vyuo hivyo viwili vilizaliwa na uhitaji wa wakati ule, kwa sababu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulikuwa umefungua shule za kata kwa kasi iliyozidi idadi ya walimu waliokuwapo, hadi wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha, wale ambao mitaani walibandikwa jina la voda fasta. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kwa masomo ya sayansi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa wanaosoma kwa masafa, na vyuo vya taasisi za dini kama Mtakatifu Augustino cha Mwanza, vyote vina programu za aina hii. Sifa za kujiunga hutangazwa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na mwombaji akisome hicho mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya waliotangulia, kwa kuwa sifa za programu moja hutofautiana kati ya chuo na chuo na hubadilika mwaka hadi mwaka. Kiwango cha chini kilichozoeleka kwa anayetoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa daraja kuu, yaani kuanzia A hadi E, yenye jumla ya pointi nne, ambapo A huhesabiwa pointi tano na E pointi moja. Kwa mwenye stashahada ni wastani wa B au wa alama 3.0. Kwa ualimu kuna sharti la ziada linalowanasa wengi: masomo hayo mawili yawe ndiyo atakayoyafundisha, au yawe yanaruhusiwa na chuo kuwa msingi wake.

Masomo mawili ya kufundishia

Sharti hilo maana yake ni kwamba tahasusi ya kidato cha tano, ambayo wanafunzi huiita kombi, tayari imekwisha kuchora mipaka ya ualimu wa mtu. Aliyesoma HKL ataelekea Historia, Kiswahili au Kiingereza, aliyesoma PCB ataelekea Fizikia, Kemia au Biolojia, na asiyesoma Hisabati kidato cha tano na cha sita hatarajii kuifundisha kwa shahada. Ndani ya mipaka hiyo, hata hivyo, bado kuna uchaguzi, na hapa ndipo mwombaji anapopaswa kukaa kitako. Kigezo cha kwanza kiwe ni uwezo uliothibitishwa na matokeo, kwa sababu somo ambalo mtu alilipata kwa alama ya E baada ya miaka miwili ya jitihada litamsumbua zaidi chuoni, ambako husomwa kwa kina kirefu zaidi na kwa kasi kubwa zaidi. Kigezo cha pili kiwe ni uhitaji wa shule. Kwa miaka mingi upungufu mkubwa umekuwa katika Fizikia na Hisabati, huku wahitimu wa Historia na Jiografia wakiwa wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Wenye jozi hiyo hukaa miaka kadhaa wakijitolea katika shule za kata au wakifundisha shule binafsi kwa malipo madogo. Kusema hivyo si kuwakatisha tamaa wanaolipenda somo la Historia, kwani taifa lisilo na walimu bora wa historia yake linajiumiza lenyewe, bali ni kuwataka waingie huku wakijua, na ikiwezekana waliambatanishe na somo lenye uhaba.

Kigezo cha tatu hakizungumzwi sana, nacho ni mabadiliko ya mtaala. Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, umeleta mkondo wa amali kando ya ule wa jumla, umeongeza tahasusi za kidato cha tano, na umeanzisha somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayesomea Historia chuoni kwa Kiingereza na ambaye hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja wa historia kwa Kiswahili sanifu atapata taabu pale shule itakapomkabidhi somo hilo. Kwa hiyo aanze mapema kusoma vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo hupatikana pia katika maktaba yake ya mtandaoni, na ajijengee msamiati. Hali ya masomo mengine ni ya kinyume, kwa kuwa sekondari bado hufundishwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili na masomo machache, na mwalimu anayesita katika Kiingereza huishia kuwasomea wanafunzi nukuu bila kuwaeleza. Anayejijua kuwa dhaifu katika lugha hiyo asisubiri mwaka wa tatu. Kozi za stadi za mawasiliano za mwaka wa kwanza, ambazo wanafunzi wengi huzichukulia kama mzigo tu, ndiyo nafasi yake.

Nusu inayodharauliwa

Shahada ya kwanza katika mfumo wa Tanzania huhitaji angalau krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kujifunza, zikiwamo za mhadhara, semina, maabara na kujisomea. Katika mafunzo sambamba krediti hizo hugawanywa kati ya somo la kwanza, somo la pili na kozi za elimu, hivyo mwanafunzi wa ualimu hufuata ratiba za idara tatu, na mara nyingine hukuta mihadhara miwili imepangwa saa ileile katika majengo mawili. Ratiba ziangaliwe katika juma la kwanza la muhula, na mgongano wowote upelekwe kwa mratibu wa ratiba wakati huohuo, kwa sababu baada ya majuma matatu makundi ya semina huwa yamekwisha kujaa.

Kozi za elimu ni pamoja na misingi ya elimu, yaani falsafa, historia na sosholojia yake, saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, ushauri nasaha, uongozi wa elimu, elimu jumuishi, na mbinu za kufundisha kila somo. Kuna mazoea mabaya, yaliyoota mizizi, ya kuziona kozi hizi kuwa nyepesi, za kupandishia wastani, huku jitihada zote zikielekezwa kwenye somo lenyewe. Mtaalamu wa Marekani, Lee Shulman, katika makala yake ya mwaka 1986, alieleza kwa nini mtazamo huo ni wa makosa: kati ya kulijua somo na kujua ualimu kwa jumla kuna maarifa ya tatu, ambayo yanaweza kuitwa maarifa ya kufundishia somo, yaani kujua ni wapi mwanafunzi wa somo hilo hukwama, kwa nini hukwama, na ni mfano gani utamkwamua. Wanafunzi wengi wa Biolojia, kwa mfano, huamini kwamba mmea hufanya usanisinuru mchana na hupumua usiku tu. Mhadhara wa biolojia humpa mwalimu mtarajiwa jibu sahihi, kwamba mmea hupumua saa zote. Saikolojia ya elimu humweleza kwamba imani iliyokwisha kukaa kichwani haiondolewi kwa kutajiwa jibu. Lakini ni katika kozi ya mbinu za kufundisha Biolojia ambamo hujifunza kupanga somo ili wanafunzi wenyewe waione imani yao ikishindwa, kwa kuzifunga mbegu zinazochipua ndani ya chupa pamoja na maji ya chokaa, ambayo hugeuka kuwa meupe kama maziwa kwa sababu ya kaboni dayoksaidi, iwe mchana au usiku. Mwanafunzi anayezisoma kozi hizi kwa kukariri kwa ajili ya mtihani huipoteza faida pekee kubwa ya mafunzo sambamba, ambayo ni kukutana na dhana ya somo na ugumu wa kuifundisha katika muhula mmoja. Inashauriwa awe na daftari moja ambamo, kila anapojifunza dhana inayopatikana pia katika muhtasari wa sekondari, huandika ni kidato gani hufundishwa na yeye mwenyewe alipata shida gani alipoisoma mara ya kwanza.

Mazoezi ya kufundisha

Kiini cha ualimu wote huu ni mazoezi ya kufundisha, ambayo vyuoni hujulikana zaidi kwa kifupi cha TP, na ambayo kwa kawaida hufanyika mara mbili, mwishoni mwa mwaka wa kwanza na wa pili, wakati wa likizo ndefu ya chuo shule zinapokuwa katika muhula wa pili. Kabla ya hapo vyuo huendesha ufundishaji mdogo, yaani zoezi ambalo mwanafunzi hufundisha kwa dakika chache mbele ya wenzake na kukosolewa. Zoezi hili lichukuliwe kwa uzito, kwa kuwa ndipo pekee anapoweza kukosea bila kumdhuru mtoto wa mtu, na ni vizuri amwombe mwenzake amrekodi kwa simu ili aone jinsi anavyoandika ubaoni, anavyouliza swali na kulijibu mwenyewe kabla ya sekunde tatu kupita, na anavyofundisha upande mmoja tu wa darasa.

Katika vyuo vingi mwanafunzi huchagua mkoa au shule kupitia mfumo wa mtandaoni. Wengi huchagua penye ndugu, ili kupunguza gharama za chumba na chakula, na hilo ni jambo la busara. Lakini kama kuna shule mbili karibu na ndugu huyo, ichaguliwe ile yenye mwalimu mzoefu wa somo husika, hata kama inahitaji mwendo mrefu zaidi asubuhi. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia humpokea mwanafunzi wa TP kwa shangwe na kumkabidhi vidato vyote vinne siku ya pili, naye hubaki hana wa kumrekebisha na hana muda wa kuandaa. Azungumze mapema na mkuu wa taaluma wa shule, kwa heshima na kwa uwazi, aombe idadi ya vipindi anayoweza kuiandalia ipasavyo, na aombe ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mwenyeji katika juma la kwanza.

Kila somo litakuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa mada kwa majuma ya muhula mzima, na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja. Andalio huanza na taarifa za awali, kama tarehe, kidato, idadi ya walioandikishwa na waliohudhuria, kisha umahiri, mada, malengo mahususi, zana na rejea, na baada ya hapo hatua za somo, kwa muundo uliozoeleka: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho, kila hatua ikiwa na muda wake, kazi ya mwalimu, kazi ya wanafunzi na namna ya kupima. Kipindi cha sekondari ni cha dakika 40, na kosa la kawaida la anayeanza ni kuyapa maarifa mapya dakika 30, kengele ikagonga kabla wanafunzi hawajafanya hata swali moja. Mwishoni mwa andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni, ambayo wengi huijaza kwa sentensi moja isiyobadilika, kwamba somo lilieleweka vizuri. Nafasi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote ikiandikwa ndani yake kweli tupu, kwa mfano kwamba nusu ya darasa walishindwa kutofautisha uzito na tungamo na kwamba kesho kipindi kitaanzia hapo.

Mhadhiri wa kutathmini huja mara chache, na mara nyingine bila taarifa. Huomba jalada la maazimio na maandalio, huketi dawati la nyuma, na baada ya kipindi humwita mwanafunzi pembeni wakazungumze. Wako wanaoandaa kipindi kimoja cha maonyesho na kukirudia kila wanaposikia mhadhiri yuko wilayani, huku wanafunzi wa shule wakiwa wameambiwa majibu. Huo ni udanganyifu unaowaumiza watoto, na humnyima mhusika maoni ya mtu pekee aliyesafiri kuja kumsaidia. Mazungumzo ya baada ya kipindi yaandikwe palepale, na kipindi kinachofuata kionyeshe kwamba yamesikika.

Fedha na karatasi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikiziweka programu za ualimu wa sayansi na hisabati miongoni mwa vipaumbele vyake vya juu, na mkopo wake una fungu la mafunzo kwa vitendo mbali na lile la kujikimu, ambalo wanafunzi huliita bumu. Hata hivyo nauli, kodi ya chumba na mavazi ya ualimu huhitajika kabla ya siku ya kwanza shuleni, kwa hiyo akiba kidogo ianze kuwekwa tangu muhula wa kwanza. Mzanzibari aangalie pia utaratibu wa bodi ya mikopo ya Zanzibar, na ajue kwamba ajira ya walimu huko ina mamlaka yake.

Kwa miaka mingi wahitimu wa ualimu Tanzania Bara walipangiwa vituo bila usaili. Sasa huomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na tangu mwaka 2025 hufanyiwa usaili wa mchujo na wa mahojiano kama waombaji wengine, ambapo maswali ya saikolojia ya elimu, upimaji na mbinu za kufundisha huulizwa pamoja na ya somo lenyewe. Jalada la maandalio ya TP lihifadhiwe, kwa kuwa hakuna kitabu cha kujiandalia kitakachomfaa mhitimu zaidi ya kazi yake mwenyewe. Majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, kitambulisho cha taifa na cheti cha shahada yafanane herufi kwa herufi, na yakitofautiana, hati ya kisheria ya kuthibitisha jina itafutwe mwaka wa kwanza au wa pili, wala isisubiriwe hadi tangazo la ajira litoke. Baada ya kuajiriwa serikalini, mwalimu huingia chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, inayoshughulikia kuthibitishwa kazini, kupandishwa daraja na nidhamu, na mwaka 2018 Bunge lilitunga pia sheria ya bodi ya kitaalamu ya walimu. Anayefikiria kufundisha Kenya akumbuke kwamba Tume ya Kuwaajiri Walimu ya huko, yaani TSC, husajili mwalimu kabla hajaajiriwa, na imezoea kuangalia si shahada tu bali pia alama za kidato cha nne katika masomo mawili ya kufundishia.

Na aliyekwisha kuanza shahada isiyo ya ualimu, kisha akagundua mwaka wa pili kwamba anataka kufundisha, asikimbilie kuacha masomo ili aanze upya. Amalize shahada yake huku akihakikisha kwamba kozi zake zinatosha kuhesabiwa kuwa masomo mawili yanayofundishwa sekondari, kisha aombe stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo hutolewa na vyuo kadhaa kikiwamo Chuo Kikuu Huria, na ambayo mazoezi yake ya kufundisha huendeshwa kwa taratibu zilezile za azimio, andalio na mhadhiri wa dawati la nyuma.